Makokha wa Ajira na Watoto Wake wa Saikolojia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Chuo cha Ziwani hapa Nakuru, Bwana Dalmas Makokha, Afisa wa Ajira na Mafunzo ya Nyanjani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari zake kwa sababu ofisi yangu ya usajili imetengwa na yake kwa ukuta wa mbao tu, na kila alichosema kwenye simu miaka hiyo yote nilikisikia nipende nisipende. Bwana Makokha hajui kuongea kwa sauti ya chini kwenye simu. Anaamini kwamba mtu akiwa Naivasha, basi ni lazima apigiwe kelele zinazofika Naivasha.

Kabla sijashika kalamu aliniwekea sharti moja: niandike pia yaliyotokea mwezi wa Machi mwaka huu, bila kuficha lolote. Nilikataa. Alikuja tena, nikakataa tena, na safari ya tatu alikuja na mandazi ya moto ya mke wake. Kwa hivyo msomaji akifika huko mbele asinilaumu mimi. Mwenyewe ndiye aliyetaka.

Bwana Makokha alizaliwa hapa hapa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yake aliyetoka Bungoma alikuwa fundi wa mabehewa. Alisomea ualimu, akafundisha Kiswahili na historia katika shule ya upili kule Njoro, na ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tunamwita Mwalimu. Alipokuja Ziwani, chuo kilikuwa na madarasa machache na ng'ombe wa majirani walikuwa wakilisha mbele ya ofisi ya mkuu bila wasiwasi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia bweni la wavulana, na anasema mvi zote alizo nazo alizipata huko.

Alihamishiwa ofisi ya ajira kwa sababu moja tu. Mkuu wa chuo wa wakati huo aligundua kwamba hakuna lango la kiwanda, hoteli au hospitali katika mji huu ambalo askari wake hamjui Makokha kwa jina, naye Makokha anawajua wao, wake zao na watoto wao. Kila asubuhi alikuwa akiingia kwenye lile gari lake jeupe la Probox na kwenda kuwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo, attachment kama wanavyosema wenyewe. Wanafunzi walipomwita boss, aliwajibu kwamba boss ni yule atakayewaandika kazi, yeye ni wa kumtafuta tu. Walipomsalimu "niaje," alisimama akawauliza habari za wazazi mmoja mmoja mpaka wakajuta.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilimwendea vizuri. Wahasibu aliwapeleka kwenye vyama vya akiba, wapishi kwenye hoteli za Naivasha, mafundi umeme kule Olkaria. Hata mwanawe mwenyewe, Travis, yuko Olkaria kwenye mitambo ya mvuke, na huyo alipata kazi bila msaada wa baba, jambo ambalo baba hulitaja kwa fahari na kwa kijiuchungu kidogo.

Halafu chuo kikaanzisha shahada ya saikolojia, na maisha ya jirani yangu yakaharibika.

Mtu akisema ni mhasibu, kila mtu anaelewa. Lakini huyu wa saikolojia anafanya nini? Waajiri walimuuliza Bwana Makokha swali hilo kutwa nzima, na mimi nikawa nalisikia likipenya ukutani. Wengine walidhani ni daktari wa wazimu na wakasema asante, sisi hapa wote ni wazima. Mwenye hoteli mmoja aliuliza kama msichana huyo ataweza kusoma mawazo ya wapishi wanaomwibia nyama. Wanafunzi wenzao waliwaita masaiko kwenye foleni ya chakula. Wazazi nao walifika ofisini wakiwa wamenuna, wakitaka kujua mtoto akimaliza ataandikwa wapi na nani.

Mzazi aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Mzee Kosgei, mkulima wa Rongai. Binti yake Jelagat alikuwa amekosa nafasi ya uuguzi akachaguliwa saikolojia, na mzee hakutaka kusikia. Alisema afadhali arudi nyumbani akamue ng'ombe, hiyo angalau ni kazi inayoonekana. Jelagat alikuja kwangu kuondoa jina lake kwenye orodha huku machozi yakimtoka. Bwana Makokha alisikia kilio kupitia ukuta, akatoka, akachukua funguo za Probox. Alifika Rongai, akakaribishwa vizuri, akanywa mursik, yale maziwa yao ya mgando, mpaka kibuyu kikakaribia nusu, na mbele ya mama na wajomba wa msichana akatoa neno lake. Alisema mtoto huyu atakula kwa elimu hii, na atakula kwa jina la elimu hii, si kwa jina lingine. Mzee Kosgei alimwangalia sana. Kisha akasema basi, atamdai yeye.

Wale tunaomjua Mwalimu tunajua jinsi neno lake linavyomkaa kifuani. Tangu siku ile hakulala vizuri kuhusu Jelagat.

Mwaka wa tatu wa msichana ukafika, na sasa nafasi ya mafunzo ikabidi itafutwe. Bwana Makokha alipiga simu shamba moja la maua upande wa Naivasha, akaongea na msimamizi, Bwana Kinyanjui. Mtandao ulikuwa mbaya na kule shambani kulikuwa na upepo. Tena Bwana Makokha, ambaye alizaliwa Nakuru lakini ulimi wake haujawahi kuhama Bungoma kwa baba yake, husema saikolochia. Nilimsikia akipaza sauti kwamba analeta mtu wa saiko, wa saiko, wa saikolochia! Bwana Kinyanjui naye alikulia mjini karibu na duka la baiskeli lililoandikwa Cycle Mart, ambalo mtaa wote uliliita Saiko Mati. Basi kilichomfikia ni kwamba chuo kinamletea mtu wa baiskeli. Alifurahi mno. Alisema wafanyakazi wake wengi huja na baiskeli, banda lao halina fundi tangu Krismasi, Mungu awabariki watu wa Ziwani. Sehemu hiyo ya banda Bwana Makokha hakuisikia. Aliweka simu chini, akanigongea ukuta, akaniambia kwamba hatimaye amepata mwajiri anayeelewa saikolojia.

Jelagat alifika shambani akiwa amevaa blauzi nyeupe na viatu vya ofisi. Akapelekwa bandani, akapewa pampu, gundi, viraka na spana. Angepiga simu kuuliza, lakini alijua simu hiyo ikimfikia baba yake, ng'ombe wanamngoja. Akanyamaza. Mfanyakazi mmoja wa shambani, Wanyonyi, alimhurumia akamfundisha kuziba tyubu kwa beseni la maji, na baada ya wiki moja binti wa watu alikuwa akiziba vizuri tu.

Sasa fundi akiziba tyubu, mwenye baiskeli atafanya nini? Atangoja. Na mtu akingoja, ataongea. Mwanamume mmoja alianza kumweleza kuhusu mke aliyekwenda Uarabuni na simu zake zimepungua. Mama mmoja wa kufunga maua alimweleza kuhusu mtoto aliyemzika, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu shambani. Jelagat alisikiliza kama alivyofundishwa darasani. Hakuwakatiza, hakuwahubiria, hakuwaambia wajikaze. Aliziba tyubu polepole.

Mwezi wa pili wa mafunzo, Bwana Makokha na mhadhiri wa msichana walikwenda kumkagua. Walimkuta Jelagat mikono myeusi kwa grisi na foleni imetoka nje ya banda. Bwana Makokha aliwaka. Alikuwa na hotuba kamili ya kumtolea Bwana Kinyanjui, nimeisikia baadaye zaidi ya mara moja. Lakini Bwana Kinyanjui alimwahi kwa shukrani. Akasema fundi huyu ni baraka, ila kuna kitu hakielewi: tangu aje, magurudumu yanaisha upepo kila siku, na hata mwiba mmoja hauonekani. Bwana Makokha akainama kwenye foleni akakagua gurudumu moja baada ya lingine. Yalikuwa mazima. Yule mama wa kufunga maua alimwomba radhi kwa sauti ndogo, akamwambia kwamba yeye hutoa upepo mwenyewe akifika langoni. Wengi hufanya hivyo, akasema, ndio wapate zamu yao na yule msichana.

Mhadhiri anasema Mwalimu alizunguka nyuma ya banda akalia. Mwalimu anasema lilikuwa vumbi. Tunaoijua Naivasha tutamwachia hilo la vumbi.

Jambo lililomshangaza zaidi ni kwamba shamba lile lilikuwa tayari na chumba cha ushauri, kizuri, chenye kiti cha wageni na maandishi mlangoni, kando ya ofisi ya meneja. Hakuna mtu aliyekiingia kwa hiari. Katika shule zetu, mtoto "aliyepelekwa guidance" ni yule aliyekosa, na mtu mzima aliyeitwa kwenye chumba kile alijua anakwenda kuonywa kabla ya kufutwa kazi. Nani atakwenda kukaa pale kusema ameshindwa kula tangu amzike mtoto? Lakini bandani mtu anakwenda kwa sababu ya baiskeli. Akionekana, anaonekana na baiskeli.

Kuanzia hapo Bwana Makokha alibadilisha namna yake ya kuomba kazi. Hakuwaomba waajiri ofisi tena. Aliwaomba mahali ambapo watu hungoja. Aliwaketisha wanafunzi wa saikolojia kwenye benchi za kliniki, kwenye kibanda cha wafanyakazi wa zamu wanaosubiri basi, kwenye kinu cha posho kule mtaa wa Rhonda ambako akina mama hukaa na madebe yao. Kinyozi mmoja wa Rhonda alimkubali mwanafunzi kwa sharti la kufagia nywele, na mwishowe akakataa kumrudisha. Idara ililalamika kwamba hayo si mazingira ya kitaaluma. Bwana Makokha aliwaalika wakae pale kinuni asubuhi moja, na waliorudi hawakulalamika tena. Leo utaratibu huo umo kwenye kitabu cha mafunzo cha idara, na vyuo vingine viwili vimekuja kuuiga.

Ningependa kusema kwamba mambo yalinyooka hapo, lakini sivyo. Jelagat alihitimu, na shamba likamtaka abaki. Likamwandika. Tatizo ni kwamba kwenye madaraja ya kazi ya shamba hapakuwa na mtu wa saikolojia, basi likamwandika kwa cheo kilichokuwepo, na cheo kilichokuwepo kilikuwa fundi wa baiskeli. Habari zikafika Rongai kabla ya mshahara wa kwanza. Majirani waliokuwa wamekula mbuzi wa mahafali walimuuliza Mzee Kosgei kama siku hizi shahada inasomewa ili mtu azibe panchari.

Mzee alikuja chuoni akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Sitaandika yote yaliyopita kwenye ukuta wangu siku ile. Alimuuliza Bwana Makokha swali moja, na akalirudia kila walipoonana kwa miaka iliyofuata, sokoni, mazishini, hata kwenye harambee ya kanisa mbele ya watu: binti yangu anafanya kazi gani? Bwana Makokha hakuwahi kujitetea. Angeweza kusema kazi anayoifanya ni ile ile aliyosomea, na ingekuwa kweli. Lakini neno lake lilikuwa kwamba atakula kwa jina la elimu yake, na jina hilo halikuwepo.

Alijaribu kumhamisha. Huko ndiko alikogundua jambo ambalo lilimuumiza vibaya: kila palipokuwa na nafasi ya mshauri kwa jina lake, walitaka mtu aliyesajiliwa na bodi ya washauri, na ili asajiliwe ilibidi aongeze masomo na saa nyingi za mazoezi chini ya mtaalamu. Yeye alikuwa ameahidi wazazi kwa shahada ya kwanza. Alirudi Rongai mwenyewe, bila kuitwa, akamwambia Mzee Kosgei mbele ya watu wale wale kwamba aliahidi kitu asichokijua vizuri na kwamba anaomba muda. Mzee alimwambia muda upo, deni pia lipo, na akaagiza aletewe chai.

Baada ya hapo, hotuba yake kwa wanafunzi wapya wa saikolojia ikawa maarufu. Aliwaambia ukweli siku ya kwanza kabisa, ada ikiwa bado mfukoni. Shahada hii, alisema, inakufikisha sebuleni. Ukitaka kufika jikoni, ambako watu wanatibiwa, bado kuna safari. Lakini pia aliwaambia sebuleni si mahali pabaya. Aliwaonyesha waliotangulia: yule aliye kwenye ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda cha maziwa, aliye kwenye nyumba ya watoto, aliye kwenye kituo cha kuwasaidia walevi kuacha pombe, anayezunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu kwa nini wananunua sabuni hii na si ile. Wote hao, akasema, wanakula kwa kumwelewa mtu. Kila mwaka wanafunzi kadhaa walibadilisha kozi baada ya hotuba hiyo, na mkuu wa chuo alimwita akamuuliza yuko upande wa nani. Akajibu kwamba yuko upande wa yule atakayemaliza miaka minne kisha arudi kukaa mbele ya meza yake. Hakuonywa tena, na waliobaki walibaki kweli.

Mmoja wa waliobaki ni Tarun, mtoto wa Bwana Pradeep na Bi Manju wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wazazi walimtaka dukani. Bwana Makokha alikunywa chai nyingi sana ya tangawizi kwa Bi Manju akimtetea kijana huyo, na Bi Manju bado husema kwamba afisa yule alikuja kuomba mtoto kama mtu anayekuja kuposa. Tarun aliuza misumari mchana na kusoma jioni mpaka bodi ikamsajili. Leo ana chumba chake cha ushauri juu ya duka la familia, na ngazi ya kupandia iko ndani ya duka. Ukionekana ukitoka, umetoka kununua rangi. Sihitaji kusema wazo hilo lilitoka kwa nani.

Jelagat naye hakukata tamaa. Alifanya kazi shambani, akasoma masomo ya jioni, akapanda na kushuka barabara ya Naivasha mpaka makondakta wakamjua kwa jina. Mwaka juzi akasajiliwa. Mwaka jana akaacha kazi, akapanga chumba hapa mjini, mtaa wa Section 58, akaweka kibao chenye jina lake na cheo chake. Bwana Makokha alikwenda kukitazama kibao hicho mara nyingi kuliko fundi aliyekichora.

Lakini watu hawakuja. Section 58 kila mtu anamjua kila mtu, na mlango ule uliangalia barabara. Wiki zikapita, Jelagat akiketi peke yake na maua kwenye meza. Alianza kuongea habari ya kurudi shambani. Mzee Kosgei, kwa upande wake, akaacha kuuliza lile swali, na Bwana Makokha aliniambia kwamba kunyamaza kwake kulimuuma kuliko maswali yote. Alikuwa na miezi michache tu ofisini, na neno lake lilikuwa bado halijatimia.

Sasa nafika mwezi wa Machi, na mandazi niliyala, kwa hivyo naandika.

Katika mkutano wa wafanyakazi wote, mama wa rasilimali watu alitusomea utaratibu wa wanaostaafu: fomu za pensheni, kurudisha funguo, keki. Alipouliza kama kuna swali, Bwana Makokha alisimama. Alisema yeye hana swali. Alisema tangu Januari hajisikii vizuri. Anavaa suti siku ya Jumapili akidhani ni Jumatatu. Mke wake, Mama Travis, Bi Awuor tunayemjua wote, alimkuta siku ya sikukuu amesimama langoni na mkoba, akishindwa kukumbuka anakokwenda. Anakula kidogo. Kuna asubuhi ameketi ndani ya Probox hapa hapa kwenye maegesho yetu, akalia, kisha akafuta macho akaingia kazini akatusalimu. Anaogopa, akasema, na hajui anaogopa nini, labda kwamba hakuna lango tena litakalomfungukia. Halafu akasema kwamba ameamua kwenda kwa Jelagat pale Section 58, Alhamisi saa kumi jioni, na atapitia mlango wa mbele.

Jamani! Huyu ndiye anayeimba besi kanisani mpaka madirisha yanatikisika. Huyu ndiye tunayemtuma kuongea na wazazi wakali. Wengine tuliangalia viatu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake tu, kwa miaka yote hiyo nimesikia kila kitu kupitia ule ukuta, na hilo sikuwa nimelisikia. Liliniuma, na bado linaniuma.

Alhamisi akaenda, mlango wa mbele, saa kumi, na kofia yake nzuri. Alirudi kazini Ijumaa akiwa amekasirika. Jelagat alikuwa amemkaribisha kwa heshima zote, akampa chai, akafunga mlango, kisha akamwambia kwamba hawezi kumpokea. Taaluma haimruhusu. Alimweleza taratibu kwamba mtu hawezi kumshauri aliyemlea, kwa sababu siku akitaka kumwambia neno gumu, atamwonea haya, na akitaka kulia, Mwalimu atamficha asimuumize. "Wewe kwangu ni baba," alimwambia, "na baba anahitaji mtu mwingine." Akachukua simu mbele yake akampigia Tarun, akamwombea nafasi wiki inayofuata.

Bwana Makokha alilalamika kwenye korido nzima. Amefukuzwa! Yeye, aliyemtafutia kazi! Mtoto aliyemtetea mbele ya wajomba! Alinilalamikia mimi, akamlalamikia mpishi, akamlalamikia askari wa lango ambaye alimpa pole kwa dhati. Saa nne wakati wa chai alikuwa amefika katikati ya malalamiko hayo, kikombe mkononi, mara akasimama. Akarudia pole pole maneno yale ya kuombewa nafasi. Akaniuliza kama nimesikia vizuri. Jelagat amemkataa kwa sababu yuko mtu mwingine wa kumpeleka. Katika mji huu ambao alizunguka na Probox akiomba apokewe angalau mwanafunzi mmoja wa saikolojia, na hakuna aliyemtaka, sasa yuko mshauri wa kwanza anayeweza kukukataa na wa pili anayeweza kukupokea. Aliweka kikombe chini, akachukua funguo, na mkutano wa saa tano hatukumwona.

Alikwenda Rongai. Alimweleza Mzee Kosgei kwamba amefukuzwa ofisini na binti yake, kwa sheria ya kazi yake, na ametumwa kwa mwenzake. Bi Awuor, aliyechukuliwa nyumbani njiani, anasema mzee alimfanya arudie habari hiyo tangu mwanzo, mlango, chai, simu, kila kitu. Kisha akainuka akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na koti lake la Jumapili. Akasema anataka kupelekwa mjini akakione hicho kibao. Walikwenda wote. Jelagat hakuweza kutoka kuwasalimu kwa sababu ndani alikuwa na mtu, na mzee akangoja nje barabarani, kofia mkononi, mpaka mtu yule akamaliza. Wafanyakazi watatu wa chuo hiki, ambao sitawataja na ambao hawakunituma, wamepanda zile ngazi za duka au kuingia ule mlango wa Section 58 tangu mkutano wa Machi. Jelagat haongei tena habari ya kurudi shambani.

Kwa niaba ya wafanyakazi na wanafunzi wote wa Ziwani, wa zamani na wa sasa, tunamshukuru Bwana Dalmas Makokha kwa malango yote aliyotufungulia, na tunamshukuru Bi Awuor kwa kutuazima mume miaka hii yote. Bado anakwenda kwa Tarun kila Alhamisi. Anachosema kule hakituhusu, lakini ameomba iandikwe kwamba anakwenda. Ukimkuta dukani akielekea ngazini usigeuze uso, msalimie kwa jina.

Pumzika sasa, Mwalimu. Jumatatu ikifika usivae suti, kaa na Mama Travis mnywe chai mpaka ipoe. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na usingizi mtamu. Watoto wako wako kazini.